Nani wa Kuipa Chenga Jina?

Isiolo ni mji wa joto na vumbi, lakini asubuhi mapema, kabla mawingu hayajapanda, ukitazama upande wa kusini utauona Mlima Kenya na weupe wake kileleni. Theluji ya watu wa Isiolo ni hiyo tu: huiona, wasiiguse. Kwa hivyo nilistaajabu kuwakuta vijana watatu katika hoteli moja ya chai wameinamia simu, wakitazama watu wanaoruka thelujini, na kubishana juu ya majina ya miruko yao.

Mwenyeji wangu, mfanyabiashara wa nguo ambaye tulisoma naye chuoni Mombasa tukiwa wadogo, alivuta kiti, nami nikavuta changu.

Mchezo wenyewe huchezwa ndani ya mfereji mkubwa wa theluji, mfano wa bomba lililopasuliwa kwa urefu, na kuta zake hupita mita 6 kwenda juu. Mchezaji hufunga miguuni skii mbili, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea. Hupanda ukuta huu, akaruka angani, akazunguka, akarudi, kisha akauendea ukuta wa pili. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 2014, kule Sochi, Urusi. Na msomaji asidhani kwamba theluji ni ya wenyewe tu. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii za mteremko mwaka 2018. Kabla yake, mwaka 1998 kule Nagano, Japani, Philip Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit aliporudi akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Turudi kwenye miruko. Jina la mruko mmoja huunganishwa kwa vipande, kama majina yetu ya mtu, baba na babu. Kipande kimoja husema mchezaji amezungukia upande gani. Kingine, mwili ulilala vipi. Kingine, mkono ulishika wapi kwenye skii. Katikati hukaa namba, nayo ni hesabu ya digrii: 360 ni duara moja kamili, 720 ni mawili. Mtu aliyepanda ukuta akitazama mbele, namba zenye nusu duara, kama 540 na 900, humshusha akitazama mbele vilevile. 720 na 1080 humshusha kinyumenyume. Nico Porteous wa New Zealand, alipochukua dhahabu mwaka 2022, alipiga 1620 mara mbili mfululizo. Hayo ni maduara manne na nusu kila mara, na katikati yake hakupumzika.

Namba hazina utani, lakini maneno yanao. Mzunguko wa kuulaza mwili mshazari umepewa jina la kizibuo cha chupa za mvinyo, chombo ambacho, alhamdulillahi, hakimo majumbani mwetu.

Mmoja wa wale vijana akasema, "Babu, hata sisi tunayo." Ni kweli. Uwanjani mtu akiupitisha mpira juu ya kichwa cha mwenzake na kuudaka kwa mguu nyuma yake, amemvisha kanzu. Hebu litazame jina hilo: nguo inayovaliwa kwa kupitia kichwani ikashuka mpaka chini! Hakuna kamati iliyokaa kulitunga, na mimi niliyetunga mashairi miaka mingi ningefurahi kuwa ndiye mwenyewe. Mpira ukipita katikati ya miguu ni tobo. Ukichezewa juu bila kuanguka ni danadana. Ukipigwa kwa kujipindua chali ni tikitaka, jina linalosikika kabla hujaambiwa maana yake.

Kisha wakafika kwenye ushikaji mmoja ambao mkono wa upande huu hushika upande wa pili mbele ya mguu. Wao waliujua kwa jina la Kiingereza lenye maana ya "bubu". Mwenyeji wangu akauliza kwa nini. Hawakujua, mimi kisa chake nilikuwa nimekisoma.

Ushikaji huo haukuzaliwa thelujini. Ulitoka kwenye mbao za magurudumu za Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kijana aitwaye Chris Weddle. Weddle ni kiziwi. Wenzake walimwona mkimya, wakauita mruko wake wa bubu, na jina likasafiri mpaka kwenye milima ya barafu. Lakini Weddle si bubu. Ilipita karibu miaka 40 ndipo Tony Hawk, bingwa mashuhuri wa mchezo ule, akamwuliza mwenyewe. Akajibu kwamba angependelea uitwe wa kiziwi, au wa Weddle. Mwaka 2020 Hawk akatangaza kwamba uitwe kwa jina la Weddle, na katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, watangazaji wakalitumia jina hilo.

Mwenyeji wangu alinyamaza, akanitazama. Nami nilijua kwa nini.

Chuoni kwetu, baada ya darasa la alasiri, tulicheza mpira wa matambara. Yeye alikuwa na mguu mmoja uliodhoofishwa na polio, na alikuwa na chenga ambayo hakuna aliyeweza kuizuia. Mimi ndiye niliyeipa jina: chenga ya kiguru. Likashika. Mitaa mingine wakaipiga chenga ile wasimjue mwenyewe, jina wakalijua.

Nilijaribu kujitetea kwa elimu. Nikamkumbusha Abdulrahman bin Hurmuz, aliyepokea Hadithi nyingi kutoka kwa Abu Huraira, na ambaye vitabu vyote vinamwita al-Araj, maana yake kiguru. Wanavyuoni hawakuona ubaya.

"Wanavyuoni waliruhusu lakabu ya kumtambulisha mtu, pasipo kumdhalilisha," akasema. "Na aya ya 11 ya Suratul Hujurat tulihifadhi pamoja, mimi na wewe, kwa mwalimu mmoja. Inakataza kuitana kwa lakabu mbaya. Wewe uliniuliza?"

Sikumwuliza.

"Basi na hili pia hukuuliza," akaendelea. "Ile chenga nilikuwa nikipita kwa mguu gani?"

Nikasema, ule mbovu. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Mpira alikuwa akiupitisha kwa mguu wa kulia, ule mzima. Sote tulikuwa tumeukodolea macho ule wa kushoto, kama tulivyokuwa tukiukodolea siku zote, na yeye alilijua hilo, akalifanya mtaji. Jina langu halikuwa na adabu, wala halikuwa sahihi.

Vijana walimwomba awaonyeshe. Alisimama, akashika meza, akaifanya polepole kwa kifuniko cha soda sakafuni, na kijana wa kwanza aliyejaribu kumzuia akatazama mguu wa kushoto.

Nikamwuliza, kwa kuchelewa, angependa iitweje. Alifikiri kidogo, akanitajia jina. Wale vijana watatu wanalo. Gazetini hakuniruhusu kulitia.