Piko Nyeusi Haitokani na Mhina

Kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, na ng'ambo hadi Muscat, harusi haitimii bila maua mikononi na miguuni mwa bibi harusi. Siku hizi maua hayo huchorwa kwa rangi mbili: wekundu wa hina, na weusi wa piko unaozungushwa pembezoni ili ua lijitokeze. Watoto nao huchorwa piko sikukuu, na watalii huchorwa ufukweni. Wengi huichukulia piko kuwa hina iliyokolezwa. Lakini hina ni jani, na piko ni rangi ya kufichia mvi, na ngozi haizipokei sawasawa.

Majani ya mhina yana rangi ya asili iitwayo lawsoni. Yakisagwa na kukorogwa kwa maji ya ndimu, rangi hiyo hutoka taratibu na kushikana na protini ya tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa na linalobanduka lenyewe kila siku. Ndiyo maana hina huhitaji saa kadhaa kushika. Huanza kwa rangi ya chungwa, hukolea kuwa hudhurungi kwa siku 2 hivi, kisha hufifia baada ya wiki 1 hadi 3. Kwenye viganja na nyayo hukolea zaidi kwa kuwa tabaka hilo ni nene hapo. Hata ikilala usiku kucha, hina halisi haitoi weusi wa wino.

Weusi wa piko hutokana na kemikali inayojulikana kwa herufi PPD, iliyomo katika rangi nyingi nyeusi za nywele. Unywele unaoonekana nje ya kichwa hauna uhai. Lakini ngozi, chini ya tabaka lile lililokufa, iko hai. Chembe za PPD ni ndogo kiasi cha kupenya, na zikikutana na hewa hubadilika na kujibandika kwenye protini za mwili. Hapo kinga ya mwili inaweza kuziona kuwa adui na kuzikariri. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika rangi inayopakwa nywele. Marekani hairuhusu kabisa PPD katika vipodozi vya kupakwa kwenye ngozi. Ilhali baadhi ya sampuli za piko, yaani ile iitwayo "hina nyeusi", zilizopimwa maabara zimekutwa na zaidi ya asilimia 15, nazo huachwa mwilini mpaka zikauke.

Mara ya kwanza huwahadaa wengi. Kinga huchukua wiki 1 hadi 2 kuitambua kemikali mpya. Mtu huchorwa, ua likatoka zuri, likafifia, naye akaamini kuwa piko inampatana. Akichorwa tena mwakani, mwasho unaweza kuanza ndani ya siku 1 hadi 3. Mchoro huvimba na kutoa malengelenge yanayofuata mistari ile ile ya ua. Vidonda vikipona vinaweza kuacha baka jeupe, doa jeusi la miezi mingi, au keloidi, kovu linalotuna ambalo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo kujaribu tone nyuma ya sikio si kinga: jaribio hilo lenyewe laweza kuwa ndilo linaloanzisha mzio.

Na mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote. Mtoto aliyechorwa piko siku ya Idi akiwa na miaka 7 anaweza kupaka rangi ya nywele akiwa na miaka 40 na kuamka uso umevimba, macho hayafunguki. Anaweza pia kusumbuliwa na baadhi ya rangi za nguo, mpira mweusi, au dawa ya ganzi yenye benzokaini, kwa kuwa zinakaribiana na PPD kikemia. Wachoraji na wasusi wanaoishika kila siku bila glavu nao hupata mzio wa mikono, vidole vikipasuka na kuwasha hata wakashindwa kufanya kazi.

Kabla ya kunyoosha mkono, tazama bakuli na uliza. Hina hukorogwa ikawa na rangi ya kijani au ya udongo, na hunukia majani. Ukiona ujiuji mweusi tii, unga uliotoka kwenye pakiti ya rangi ya nywele, au ukiambiwa uoshe baada ya nusu saa, kataa. Anayetaka hina iliyokolea apakwe siku 2 kabla ya harusi, alale nayo, na asiguse maji mapema.

Hina halisi nayo ina mpaka wake. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana kwenye nchi za malaria, wanaweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu wakipakwa hina. Usimpake mtoto mchanga.

Aliyekwisha kuvimba kwa piko aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, asitumbue malengelenge, asipake dawa ya meno wala majivu, na amwone daktari apewe krimu ya kutuliza mzio. Uso ukivimba au pumzi ikibana, aende hospitali saa hiyo hiyo. Baada ya hapo awaambie msusi na kila daktari atakayemtibu, na asitumie tena rangi yenye PPD.

Mchoraji anayekueleza bila kusita alichochanganya anastahili kazi yako na ya jamaa zako. Asiyetaka kusema, mwondokee, hasa ukiwa umemshika mtoto mkono.