Mkopo au Mshirika?

Kila chama cha ushirika kinachotaka kujenga kiwanda hukuta njia mbili: kukopa, au kumkaribisha mwenye mtaji. Twaonelea wafanyakazi wakitazame kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kwani kimezipita zote mbili.

Kilifunguliwa mwaka 1968, kikiwa kimejengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Deni lilikuwa letu, na kiwanda kilikuwa chetu. Mwaka 1996 mambo yaligeuka: kampuni ya Kichina ilitwaa hisa 51 katika mia, Serikali ikabaki na 49.

Tofauti ndiyo hii. Mkopeshaji hudai fedha zake, ipatikane faida au hasara. Lakini akiisha kulipwa huenda zake. Mwenye hisa hushiriki hasara wala hadai malipo kila mwezi. Lakini haondoki, na mwenye hisa 51 ndiye mwenye kauli.

Basi, ndugu, mauzo yakiwa ya hakika, tukope kwa kiasi. Yasipokuwa ya hakika, tutafute mshirika, ila hisa 51 tuzishike wenyewe. Dawa ya deni ni kulipa. Kauli iliyouzwa, dawa yake ni ghali mno.