Ubadilishaji wa vihisi vya injini nyumbani

Ubadilishaji wa vihisi vya injini nyumbani ni kazi ya kuondoa kihisi kilichoharibika kwenye injini ya gari na kuweka kingine bila kulipeleka gari gereji. Kihisi (mitaani huitwa zaidi sensa) ni kifaa kidogo cha umeme kinachopima hali fulani ya injini, kama vile joto au mzunguko, na kupeleka taarifa hiyo kwenye kompyuta ya injini.

Kwenye magari ya miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 baadhi ya vihisi vimewekwa mahali pagumu kufikika. Kwa hiyo kinachogharimu sana mara nyingi si kihisi chenyewe bali kazi ya kukifikia. Kosa linaloleta hasara zaidi ni kufungua injini kabla ya kuhakikisha kwamba kihisi ndicho kibovu.

Magari ya namna hii ni mengi Afrika ya Mashariki, na mengi yake yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania haijayakataza magari hayo, ila hutoza ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu.

Aina za vihisi

Vihisi vinavyobadilishwa mara nyingi ni hivi:

- Kihisi cha oksijeni hukaa kwenye bomba la moshi. Hupima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Kile cha kawaida hutoa umeme wa takriban volti 0.1 hadi 0.9, na hufanya kazi kikiwa cha moto sana. Kampuni ya Bosch ilianza kuvitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976.
- Kihisi cha joto la maji huijulisha kompyuta kama injini ni baridi au imepata moto. Kikiharibika, injini huweza kuwa ngumu kuwaka asubuhi au kula mafuta kupita kiasi.
- Kihisi cha krenkishafti hupima mzunguko wa mhimili mkuu wa injini. Katika magari mengi, bila taarifa yake plagi hazipati moto na gari huzimika njiani.
- Kihisi cha mgongano (noki sensa) hufungwa kwenye bloku ya injini na kusikiliza mtikisiko. Mafuta yakiungua vibaya ndani ya silinda, hutokea mlio wa kugongagonga. Kihisi hubadili mtikisiko huo kuwa umeme, na kompyuta huchelewesha moto wa plagi ili kulinda pistoni.

Kihisi cha mgongano kikiacha kutoa taarifa, kompyuta huchelewesha moto wa plagi muda wote kwa tahadhari. Dereva huona taa ya injini imewaka, gari limekosa nguvu mlimani na mafuta yanakwisha upesi.

Mahali vilipo

Mfano unaojulikana sana ni injini ya Toyota 1MZ-FE, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 3, iliyofungwa kwenye Toyota Harrier za kizazi cha kwanza. Silinda zake zimepangwa katika umbo la herufi V. Vihisi vya mgongano viko viwili katikati ya bonde la V hiyo, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Ili kuviona ni lazima kuondoa bomba la airi klina, sehemu ya juu ya manifoldi, reli ya mafuta yenye nozeli, kisha sehemu ya chini ya manifoldi. Injini ya 5VZ-FE ya lita 3.4, iliyotumika kwenye Land Cruiser Prado, ina mpangilio unaofanana na huo.

Kwenye injini za V zilizolazwa kwa upana wa gari, kihisi cha oksijeni cha upande wa nyuma hubanwa kati ya injini na ukuta wa chumba cha abiria. Kihisi cha krenkishafti nacho huwa chini kabisa karibu na puli, na kwenye magari mengi hufikiwa baada ya kutoa gurudumu la mbele na kinga ya matope.

Kutambua kosa

Kompyuta ya injini huhifadhi namba ya kosa. Marekani ililazimisha mfumo wa pamoja wa kusoma namba hizo, unaoitwa OBD-II, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Katika mfumo huo P0325 huhusu saketi ya kihisi cha kwanza cha mgongano na P0335 saketi ya kihisi cha krenkishafti. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa vifaa vya bei nafuu vya OBD-II. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo, pini za TE1 na E1 za soketi ya uchunguzi huunganishwa kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Taa ya injini huanza kupepesa na namba huhesabiwa: mipepeso 5 ikifuatwa na 2 ni namba 52, yaani saketi ya kihisi cha mgongano.

Namba ya kosa hutaja saketi, haisemi kwamba kihisi kimekufa. Saketi ina kihisi, waya, kiunganishi na kompyuta. Waya ulioliwa na panya, kiunganishi kilichoingia maji au waya wa ardhini uliolegea huweza kutoa namba ileile. Kwa sababu hiyo vipimo hufanywa kwanza kwa multimita kwenye sehemu za waya zinazofikika kwa urahisi. Kwa mfano, kihisi cha joto la maji cha Toyota nyingi huonyesha takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kihisi cha mgongano cha 1MZ-FE hakitakiwi kupitisha umeme kati ya pini yake na mwili wake wa chuma. Kikipitisha, ni kibovu.

Hatua za kazi

Kwa kihisi kilicho chini ya manifoldi, kazi hufuata mpangilio huu:

1. Vipuri vyote hupatikana kabla ya kufungua: vihisi, waya wake mfupi na gasketi mpya za manifoldi. Kwa kuwa njia ya kuvifikia ni moja, vihisi vyote viwili hubadilishwa pamoja.
2. Injini huachwa ipoe. Fyuzi ya pampu ya mafuta hutolewa na injini huwashwa hadi izime yenyewe, ili presha ya mafuta ipungue. Kisha waya hasi wa betri hufunguliwa na maji ya rejeta hupunguzwa.
3. Kila mpira na kiunganishi hupigwa picha na kuwekewa alama kabla ya kutolewa. Bolti hupangwa kwenye boksi kwa kufuata nafasi zake, kwa sababu urefu wake hutofautiana.
4. Vumbi huondolewa kuzunguka manifoldi kabla ya kuinyanyua. Mara inapotoka, matundu ya hewa ya silinda huzibwa kwa matambara safi, na idadi ya matambara huandikwa. Nati moja ikidondokea kwenye tundu inaweza kuharibu valvu au pistoni, hasara inayozidi mara nyingi bei ya kihisi.
5. Kihisi cha zamani hufunguliwa kwa boksi spana ndefu, na mahali pake pa kukalia husafishwa hadi chuma kionekane. Rangi au kutu hupunguza mtikisiko unaofika kwenye kihisi.
6. Kihisi kipya hukazwa kwa spana ya toki, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Vihisi vya bapa vinavyopitishwa bolti katikati kwa kawaida hukazwa karibu Nm 20. Kukaza kupita kiasi hupasua kitu cha ndani, na kulegeza hukifanya kisisikie.
7. Matambara hutolewa na kuhesabiwa. Manifoldi hurudishwa na gasketi mpya, na bolti hukazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni.
8. Maji ya rejeta hujazwa, fyuzi na betri hurudishwa. Kisha huangaliwa kama mafuta yanavuja kabla ya gari kutumika.

Kihisi cha oksijeni hufunguliwa kwa urahisi zaidi bomba likiwa na uvuguvugu, kwa kutumia spana namba 22 au soketi yenye mpasuko wa kupitisha waya. Ncha yake haipakwi grisi wala silikoni.

Njia za mkato

Wapo mafundi wanaohamishia kihisi cha mgongano mahali pa nje panapofikika, au kuweka rezista ili kuidanganya kompyuta. Taa huzimika, lakini kihisi kilichohamishwa kinaweza kusikia mitikisiko isiyo sahihi, na rezista haisikii chochote. Injini ikianza kugonga kwa sababu ya mafuta duni au joto kali, hakuna kinachopunguza moto wa plagi, na pistoni inaweza kutoboka. Kuchomoa taa ya injini kabisa kuna hatari hiyohiyo, kwani makosa mengine nayo hayataonekana.

Hali ya Ilembo na Mpanda

Ilembo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Mkoa wa Rukwa. Mpanda iko magharibi mwa Tanzania, mwisho wa tawi la reli linalotoka Kaliua, mbali na maduka makubwa ya vipuri ya Kariakoo jijini Dar es Salaam. Gari lililofunguliwa kabla ya kipuri kufika huweza kukaa wazi kwa siku kadhaa, na vumbi la kiangazi huingia kwenye matundu ya silinda.

Kwa kuwa kihisi hakionekani kabla ya kufungua, kipuri huagizwa kwa namba ya chesisi badala ya jina la gari. Harrier ya kizazi cha kwanza yenye chesisi inayoanza na MCU10 au MCU15 ina 1MZ-FE, lakini yenye SXU10 au SXU15 ina injini ya silinda 4 ya lita 2.2. Muuzaji aliyeambiwa "sensa ya Harrier" tu anaweza kutuma isiyofaa. Vipuri bandia pia vipo sokoni; nchini Tanzania udhibiti wake uko chini ya Tume ya Ushindani.

Uani penye udongo au mchanga, turubai hutandikwa chini ya gari ili nati zisipotee, na kazi hupangwa imalizike mchana. Jeki haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari, hasa kwenye udongo uliolowa wakati wa masika. Ubao mpana huwekwa chini ya jeki na stendi za chuma hubeba uzito. Matofali hayafai kwa sababu hupasuka ghafla.

Baada ya kazi

Namba ya kosa hufutwa kwa kifaa cha kusomea au, kwenye Toyota nyingi za zamani, kwa kutoa fyuzi ya EFI kwa muda. Gari huendeshwa pamoja na kupanda mlima, kisha namba husomwa tena. Ikirudi ileile, waya hupimwa kutoka kwenye kihisi hadi kwenye kompyuta kabla ya kununua kihisi kingine. Mtu asiye na multimita, spana ya toki au kitabu cha gari hupata nafuu zaidi kwa kumpa fundi sehemu ya kufungua manifoldi, baada ya yeye mwenyewe kusoma namba ya kosa na kukagua waya.