Merikebu ya Sultani na deni la miaka 95

Ijumaa ya leo tusafiri pamoja hadi Mashariki ya Mbali, kwenye kisiwa kidogo cha Oshima, katika mji wa Kushimoto, kusini mwa Japani. Huko, juu ya jabali linaloelekea baharini, wamezikwa mabaharia Waislamu waliotoka Istanbul. Wamelala hapo tangu mwaka 1890, na wanafunzi wa kisiwa hicho, ambao si Waislamu wala si Waturuki, ndio wanaofika kufagia na kusafisha mnara wa kumbukumbu yao.

Asili ya kisa hiki ni ziara. Mwaka 1887 mwanamfalme Komatsu Akihito wa Japani alifika Istanbul, akapokewa kwa taadhima na Sultan Abdul Hamid wa Pili. Kwa ada ya wafalme, ziara hurudishwa kwa ziara. Sultani akaamuru merikebu ya kivita iitwayo Ertuğrul ipeleke zawadi na nishani kwa Mfalme Meiji. Lakini alikuwa na jambo la pili moyoni. Njia ya Japani ilipita Aden, Bombay, Colombo na Singapore, miji yenye Waislamu wengi waliokuwa chini ya Waingereza, naye alitaka waione bendera ya Khalifa kwa macho yao. Hilo lilifanikiwa mno. Bombay watu walimiminika kwa maelfu kuitazama merikebu hiyo.

Hapa lazima tuseme ukweli, kwani mapenzi ya historia yetu hayatupi ruhusa ya kuficha makosa. Ertuğrul ilikuwa ya mbao, ilishushwa majini mwaka 1863, na haikufaa kwa safari ndefu kiasi hicho. Iliondoka Istanbul Julai 1889, na haikupita muda ikakwama na kuharibika kwenye Mfereji wa Suez. Singapore ilisubiri miezi kadhaa. Ilipotia nanga Yokohama, tarehe 7 Juni 1890, takriban miezi 11 ilikuwa imekwisha. Kamanda wake, Osman, aliyepandishwa cheo na kuitwa Pasha angali njiani, akapokewa na Mfalme Meiji na kukabidhi amana aliyotumwa. Kisha kipindupindu kikaingia melini na kuua mabaharia kadhaa.

Wajapani waliwashauri wageni wao wasubiri. Majira ya tufani yalikuwa yamewadia na chombo kilihitaji matengenezo. Osman Pasha hakungoja. Fedha zilikuwa chache na heshima ya Dola ilikuwa mabegani mwake. Mtu aliye katika hali hiyo huona kuchelewa ni aibu. Waling'oa nanga Yokohama tarehe 15 Septemba 1890.

Usiku wa siku ya pili tufani ikawakuta karibu na Oshima. Upepo ukaisukuma merikebu hadi kwenye miamba iliyo chini ya mnara wa taa wa Kashinozaki, maji yakaingia, boila ikapasuka, na chombo kikavunjika vipande. Watu zaidi ya 500 walifariki, Osman Pasha akiwa miongoni mwao. Waliookoka walikuwa 69 tu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.

Baadhi ya walionusurika walipanda jabali gizani, wakiwa wamejeruhiwa, wakiufuata mwanga wa mnara. Mlinzi wa taa hakujua lugha yao, wala wao hawakujua yake. Akafungua kitabu chenye picha za bendera za mataifa, nao wakaionesha kwa kidole ile yenye mwezi na nyota.

Wanakijiji wa Oshima walikuwa wavuvi na wakulima masikini. Tufani ile ile ilikuwa imewazuia kwenda kuvua, na akiba yao ya chakula ilikuwa ndogo. Hata hivyo walitoa viazi vitamu walivyojiwekea, wakachinja kuku wao, wakawavua majeruhi nguo zilizolowa na kuwapasha joto kwa miili yao wenyewe. Kulipokucha waliteremka ufukweni kuwatafuta wengine, wakaziopoa maiti na kuzizika. Madaktari waliowatibu majeruhi walipotakiwa waeleze gharama zao, walijibu kuwa hawakutibu kwa nia ya kulipwa, na kwamba fedha hizo wapewe waliofikwa na msiba.

Habari zikaenea Japani nzima na michango ikakusanywa. Manowari mbili za Kijapani, Hiei na Kongo, zikawarudisha manusura wote hadi Istanbul, zikafika tarehe 2 Januari 1891. Pamoja nao alikuwamo mwandishi wa habari Noda Shotaro, aliyeleta mchango wa wasomaji wa gazeti lake. Alibaki Istanbul kuwafundisha maofisa Kijapani, na mwaka huo huo akasilimu na kuitwa Abdul Halim. Wanahistoria wengi humtaja kuwa Mjapani wa kwanza kuingia katika Uislamu. Mwaka 1892 akafuata Yamada Torajiro na mchango mwingine. Alimtunuku Sultani upanga na deraya za kale za ukoo wake, ambazo hadi leo zimehifadhiwa katika jumba la Topkapı.

Huenda msomaji akadhani kuwa baada ya hayo mkataba ulitiwa saini mara moja. La hasha! Japani ilitaka ipewe katika ardhi ya Uthmaniya upendeleo ule ule waliokuwa nao Wazungu, na Waturuki, waliokwisha kuchoshwa na upendeleo huo, wakakataa. Ajabu ni kwamba Japani yenyewe wakati huo ilikuwa ikipigania kujinasua kutoka katika mikataba ya namna hiyo hiyo. Uhusiano rasmi wa kibalozi ulisubiri hadi mwaka 1924, Dola ya Uthmaniya ikiwa imekwisha na Jamhuri imesimama.

Sasa tuje mwaka 1985. Iran na Iraq zilikuwa vitani. Mwezi Machi, Saddam Hussein alitangaza kwamba baada ya saa 48 kila ndege itakayoonekana katika anga ya Iran itadunguliwa. Mataifa mengi yaliharakisha kuwatoa raia wao. Wajapani waliokuwa Tehran walikwama, kwa kuwa ndege za kwao hazikwenda bila dhamana ya usalama. Ombi likamfikia Waziri Mkuu wa Uturuki, Turgut Özal. Tarehe 19 Machi, muda ukikaribia kwisha, Shirika la Ndege la Uturuki likawachukua Wajapani 215. Waturuki wengi waliokuwa Tehran hawakupata nafasi katika ndege hizo. Walirudi kwao kwa barabara, safari ndefu ya milimani.

Huko Japani watu walistaajabu: kwa nini Waturuki? Vijana wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Ertuğrul. Jibu la Waturuki lilikuwa kwamba wao hawajasahau. Zilikuwa zimepita takriban miaka 95.

Tangu hapo msaada umekwenda na kurudi. Tetemeko lilipoipiga Uturuki mwaka 1999, Japani ilipeleka nyumba za muda zilizowahi kuwasitiri watu wa Kobe baada ya tetemeko la 1995. Baada ya tsunami ya 2011, waokoaji wa Kituruki walifanya kazi Japani. Mwishoni mwa mwaka huo huo tetemeko likapiga Van, mashariki mwa Uturuki, na mfanyakazi wa misaada wa Kijapani Atsushi Miyazaki, aliyekwenda kusaidia, akafariki baada ya kufukiwa na kifusi cha hoteli. Februari 2023 Wajapani walikwenda tena.

Nayo Ertuğrul bado iko chini ya maji. Tangu mwaka 2007 wapiga mbizi wamekuwa wakiopoa mabaki yake, na miongoni mwa waliyoyapata ni sufuria kubwa ya shaba, iliyokuwa ikipikia mamia ya watu. Ilisafishwa huko huko Kushimoto.