Saratani ya damu: Dawa ya Kichina inatibu kweli au ni hospitali tu?

Mtoto akishikwa na homa pale Mwankoko, Manispaa ya Singida, cha kwanza kufikiriwa ni malaria. Anapewa dozi, homa inashuka, wiki mbili baadaye inarudi. Inasemwa ni taifodi, tena dozi. Ikirudi mara ya tatu na mtoto amepauka, majirani wanaanza kutaja mitishamba, na siku hizi wengine wanataja dawa za Kichina.

Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini homa isiyoisha inaweza pia kuwa saratani ya damu, au lukemia. Ugonjwa huu hauchagui mkubwa wala mdogo. Ndio uliomuua Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa hospitalini London, Oktoba 14, 1999.

Ugonjwa unaanzia wapi?

Damu inatengenezwa kwenye uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Kwa mwenye lukemia, uboho unatoa chembe nyeupe nyingi ambazo hazijakomaa na hazifanyi kazi ya kulinda mwili. Zinajaa na kuzibana nyingine.

Chembe nyekundu zikipungua, mgonjwa anapauka na kuchoka. Chembe za kugandisha damu zikipungua, anatokwa damu puani au kwenye fizi, na anapata alama za michubuko bila kugongwa. Homa hazikati kwa sababu kinga imeanguka.

Zipo aina nyingi. Kuna zinazoua ndani ya wiki chache na kuna zinazokwenda polepole kwa miaka. Kila aina ina dawa yake.

Mchina anauonaje?

Tabibu wa jadi wa China hakuwa na darubini. Alimtazama mgonjwa na ulimi wake, akasikiliza sauti na pumzi, akauliza maswali, kisha akapima mapigo ya mkono. Kwake ugonjwa wa namna hii ni nguvu ya mwili kuisha huku joto na sumu vikiingia kwenye damu. Tiba yake ni kutoa sumu na kurudisha nguvu.

Daktari wa hospitali anachukua damu na uboho, anahesabu chembe na kuzitazama, kisha anataja aina. Tiba kubwa ni dawa kali za kuua chembe za saratani. Wapo pia wanaopandikizwa uboho.

Walipokutana

Miaka ya 1970 mjini Harbin, China, daktari Zhang Tingdong na wenzake waliichunguza dawa ya kienyeji iliyokuwa ikisifiwa kutibu saratani. Ndani yake kulikuwa na aseniki, zebaki na sumu ya chura. Walitenganisha kimoja kimoja na kugundua kwamba kinachofanya kazi ni aseniki, ile ile inayojulikana kwa kuua watu.

Mwaka 1985 mjini Shanghai, daktari Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5, aliyekuwa mahututi, dawa inayotokana na vitamini A. Mtoto alipona.

Leo dawa hizo mbili zinatumika pamoja duniani dhidi ya aina moja ya lukemia iliyokuwa ikiua haraka sana. Wagonjwa wengi wanaowahi matibabu wanapona.

Lakini ni aina moja tu. Aseniki hiyo ilisafishwa, ikapimwa kiasi, na inatolewa kwa dripu hospitalini huku moyo wa mgonjwa ukifuatiliwa. Haifanani na unga wa kwenye kichupa usiojulikana una nini.

Hata dawa za kizungu zina asili ya mimea. Vinkristini, inayotumika sana kwa watoto wenye lukemia, inatoka kwenye mmea wa maua ya pinki wenye asili ya Madagaska. Kwa hiyo mti kuwa dawa sio jambo la kubishania. Cha kuuliza ni kama umepimwa, kwa kiasi gani, na kwa ugonjwa upi.

Hatari iko wapi?

Hatari ya kwanza ni kuchelewa. Miezi miwili ya kujaribu vichupa inatosha kwa lukemia kali kummaliza mtoto. Ya pili ni kuchanganya: baadhi ya mitishamba inaumiza ini na figo, au inagongana na dawa za saratani.

Tanzania inaitambua tiba asili kwa sheria ya mwaka 2002, na mganga mkweli anajua pa kuishia. Mgonjwa anayetumia mitishamba amwambie daktari bila kuona aibu.

Cha kufanya

Homa ikirudi tena na tena, pamoja na kupauka, damu ya fizi, mifupa kuuma au mitoki kuvimba, omba kipimo cha damu kiitwacho FBP. Kutoka Mwankoko, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapo hapo Singida. Majibu yakitia shaka, rufaa inaweza kwenda Benjamin Mkapa Dodoma, Bugando Mwanza, au Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam.

Kipimo kitangulie, dawa ifuate. Hata aseniki ya Wachina isingemponya mtu kama aina ya ugonjwa wake isingejulikana kwanza.