Kulika kwa Miamba Katika Mabonde ya Mito na Mzunguko wa Kaboni

Wahenga walisema kuwa bandu bandu huisha gogo. Kauli hii inalieleza vyema tukio kongwe la kimaumbile: maji ya mvua yanavyoula mwamba hadi ukaisha. Makala haya yanafafanua jinsi miamba inavyolika katika mabonde ya mito, na uhusiano wa tukio hilo na kaboni iliyo angani.

Kwanza, ni muhimu kutofautisha dhana mbili. Mmomonyoko ni hali ya udongo au mawe kuchukuliwa na maji au upepo. Kulika, kwa upande mwingine, ni hali ya mwamba kuvunjika au kubadilika kikemikali ungali mahali pake. Hata hivyo, mambo haya mawili huandamana kama chanda na pete, kwani mmomonyoko unapoondoa udongo wa juu, mwamba mpya hufichuka na kuanza kulika.

Matone ya mvua hufyonza hewa ukaa angani. Yanapopenya ardhini, huongezewa nyingine itokayo kwenye mizizi na mimea inayooza, na hivyo kuzaa asidi hafifu ya kaboni. Asidi hiyo ikikutana na miamba ya silikati, kwa mfano mawe ya volkeno, huyeyusha madini kama vile kalsiamu na sodiamu, nayo hewa ukaa hugeuka kuwa bikaboneti. Mto huubeba mzigo huo hadi baharini, ambako matumbawe, chaza na viumbe wengine hujijengea makombe. Katika ujenzi huo, takribani nusu ya kaboni hurudi angani. Nusu iliyosalia huzikwa kama mawe ya chokaa kwa mamilioni ya miaka.

Si kila mto ufikao baharini. Ewaso Ng'iro Kusini, unaoanzia Mau, huishia katika Ziwa Natron, Tanzania. Jirani yake, Ziwa Magadi nchini Kenya, nalo halina mto unaotoka. Maji yaliyopita katika miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hukusanyika humo yakiwa na sodiamu na bikaboneti. Jua huyakausha, na kinachobaki ni magadi. Kwa hivyo, magadi yanayotiwa chunguni kulainishia maharagwe yana kaboni iliyowahi kuwa hewani, au iliyotoka chini ya ardhi pamoja na gesi za volkeno.

Hata hivyo, miamba haipokei tu, bali hutoa pia. Mawe ya chokaa yanapolika hutwaa hewa ukaa, lakini huirejesha yanapoundwa upya baharini. Aidha, miamba iliyotokana na matope ya bahari za kale ina mabaki ya viumbe. Inapofichuka milimani, oksijeni huyaunguza mabaki hayo polepole na kuachilia hewa ukaa. Mnamo 2023, watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Oxford waliitumia elementi ya reniamu, iliyoyeyuka katika maji ya mito, kama alama ya tukio hilo. Walikadiria kuwa tani milioni 68 za kaboni hutolewa hivyo kila mwaka duniani.

Utafiti wa 1999 kuhusu mito mikubwa 60 ulikuwa umekadiria kuwa kulika kwa silikati hutwaa takribani tani milioni 140 kwa mwaka. Ikiondolewa ile nusu inayorejea angani, kinachopokelewa na kinachotolewa vinakaribia kulingana. Kwa upande wao, binadamu hutoa takribani tani bilioni 10 za kaboni kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Ni dhahiri basi kwamba mito hufanya kazi yake, ila kwa mwendo wake. Mwamba hulipa deni la anga kwa mamia ya maelfu ya miaka, ilhali binadamu hukopa kwa siku. Anayesubiri miamba imlipie deni hilo atasubiri sana.