Kalidou Koulibaly: Beki aliyelinda lango na heshima yake

Katika soka, mfungaji hutajwa hata na asiyeujua mchezo. Beki hukumbukwa zaidi siku aliyokosea. Hata hivyo, safari ya beki wa kati Kalidou Koulibaly, Muislamu mwenye asili ya Senegal, ina mafunzo yanayostahili kuzungumzwa majumbani mwetu, hasa penye vijana wanaotamani kucheza ng'ambo.

Koulibaly alizaliwa tarehe 20 Juni 1991 katika mji wa Saint-Dié-des-Vosges, mashariki mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Senegal: baba alitangulia, akafanya kazi kiwandani hadi akapata uwezo wa kumleta mkewe. Kijana huyo alipokelewa katika chuo cha soka cha klabu ya Metz, kisha akaachwa kwa kuonekana hafai. Alirudi kuichezea timu ya mji wake. Mwaka 2009 Metz walimwita tena, na mwaka uliofuata akaanza kuichezea timu ya wakubwa. Ni vijana wangapi ambao, wakikataliwa mara moja, huacha mpira, masomo na hata adabu?

Metz iliposhuka daraja mwaka 2012, alihamia Genk ya Ubelgiji na kutwaa Kombe la nchi hiyo mwaka 2013. Mwaka 2014 alijiunga na Napoli ya Italia, akakaa misimu 8 na kucheza mechi zaidi ya 300. Huko ndiko jina lake lilikokua, na huko ndiko alikopata mtihani mzito.

Mwezi Februari 2016, mechi dhidi ya Lazio mjini Roma ilisimamishwa kwa dakika chache kutokana na kelele za kibaguzi alizokuwa akipigiwa. Mechi iliyofuata ya nyumbani, mashabiki wa Napoli walivaa barakoa za karatasi zenye sura yake, kana kwamba wanasema: anayemtukana huyu anatutukana sote.

Tarehe 26 Disemba 2018 mjini Milan, mashabiki wa Inter walimpigia kelele za nyani. Benchi la Napoli liliomba mchezo usimamishwe, lakini haukusimamishwa. Dakika ya 81 Koulibaly alioneshwa kadi ya njano. Akampigia mwamuzi makofi ya kejeli, akapewa ya pili na kutolewa nje. Dakika za nyongeza Inter ikapata bao pekee la mchezo. Baadaye Inter iliadhibiwa kucheza mechi mbili za nyumbani bila mashabiki.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu. Makofi yale hayakuwa tusi wala ngumi, lakini yaliigharimu timu, na hilo kijana alijue. Pamoja na hayo, tusimtwishe aliyedhulumiwa mzigo wa aliyedhulumu. Subira si kuridhia udhalilishaji. Koulibaly mwenyewe alijibu kwa kutangaza kuwa anajivunia rangi ya ngozi yake, na kuwa yeye ni Mfaransa, Msenegali, mtu wa Napoli, na binadamu. Kisha akarudi kazini, na msimu huohuo akachaguliwa kuwa beki bora wa ligi ya Italia. Suratul Hujuraat, aya ya 13, inatukumbusha kuwa mbora mbele ya Allah ni mchamungu zaidi, sio mwenye kabila au taifa fulani.

Kwa upande wa timu ya taifa, alikuwa ameichezea Ufaransa ya vijana katika Kombe la Dunia la mwaka 2011. Mwaka 2015 aliichagua nchi ya wazazi wake. Wasomaji wanaikumbuka Senegal ya mwaka 2019 nchini Misri, iliyopangwa kundi moja na Tanzania, Kenya na Algeria. Ilifika fainali, lakini Koulibaly alikuwa akitumikia adhabu ya kadi, na timu yake ikafungwa 1-0 na Algeria. Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Februari 2022 mjini Yaoundé, alikuwa nahodha. Baada ya sare na Misri alipiga penalti ya kwanza ya Senegal akafunga, na nchi hiyo ikatwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Novemba mwaka huo, katika Kombe la Dunia, bao lake dhidi ya Ecuador liliivusha Senegal hadi hatua ya 16 bora.

Baada ya msimu mmoja Chelsea, alihamia Al Hilal ya Saudi Arabia mwaka 2023, na msimu wake wa kwanza klabu hiyo ikawa bingwa wa ligi bila kupoteza mechi.

Wazazi wenye vijana uwanjani wawaoneshe njia hii yote, sio makombe peke yake. Mtoto aulizwe mapema: ukiachwa na timu utafanya nini? Ukitukanwa ugenini, utajibuje bila kupoteza haki yako wala tabia yako? Wakala wa wachezaji hana kazi ya kumfundisha majibu hayo. Hilo ni jukumu la nyumba aliyokulia.